Umgawe mgonjwa, wodi au zamu? Njia tano za kupima wazo jipya la huduma, ubavu kwa ubavu

Mkuu wa wodi ana wazo. Ameona wagonjwa wakiruhusiwa leo na kurudi wiki ijayo, kwa sababu dawa ya asubuhi wameinywa usiku na ile ya siku tano wameikatisha siku ya pili. Anataka, kabla mgonjwa hajaondoka, muuguzi akae naye dakika kumi, amweleze dawa zake, kisha mgonjwa naye aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Ni wazo zuri, halihitaji mashine, na hakuna wa kulipinga. Ila hakuna pia anayejua kama litapunguza wanaorudi.

Akiitisha kikao atasikia mapendekezo manne kabla chai haijapoa. Tulinganishe mwaka jana na mwaka huu. Tuwagawe wagonjwa kwa bahati nasibu. Hapana, tugawe wodi. Na yule aliyetoka warsha wiki iliyopita atasema tuanze wodi moja moja, ngazi kwa ngazi, mpaka zote ziingie. Kila mmoja ana hoja, lakini hoja hizo hazilingani uzito, na ukichagua vibaya utamaliza miezi kumi na nane ukiwa na jalada nene lisilojibu chochote.

Niseme msimamo wangu mapema ili msomaji ajue ninapoegemea. Usianze na jina la mbinu. Anza kwa kuuliza kinachobadilika kinakaa wapi. Kikiwa kinaingia mwilini mwa mgonjwa, kama kidonge, sindano au chupa ya maji, mgawe mgonjwa. Kikiwa kinakaa kichwani na mikononi mwa mhudumu, gawa kituo. Njia nyingine zote ni za kutatua matatizo yanayobaki baada ya swali hilo kujibiwa.

Kwanza tuelewane tunapima nini

Mwaka 1967 Wafaransa wawili, Daniel Schwartz na Joseph Lellouch, walitenganisha majaribio ya aina mbili ambayo hadi leo watu huyachanganya. Moja huuliza: je, tiba hii inaweza kufanya kazi, mambo yote yakienda sawa? Jingine huuliza: kwa wagonjwa tulionao, na wahudumu tulionao, tukitumia hii badala ya ile tuliyoizoea, wagonjwa watapona zaidi? La pili ndilo jaribio la huduma halisi, na ndilo linalozungumzwa hapa.

Mpaka kati ya hayo mawili si ukuta. Kuna kipimo kinachoitwa PRECIS-2, kilichotoka mwaka 2015, chenye maeneo tisa: nani anaingia, anapatikanaje, jaribio linafanyika wapi, linahitaji utaalamu gani, na kuendelea. Kila eneo hupewa alama 1 hadi 5, na 5 ni pale ambapo mambo yamefanana kabisa na siku ya kawaida ya kazi. Kijaze kabla ya kuandika andiko la utafiti. Nimesoma maandiko yanayojiita ya "huduma halisi" huku yamewaondoa wazee, wajawazito, wenye ugonjwa wa figo na kila anayekunywa dawa zaidi ya tatu. Ukishawaondoa hao wote, wodi imebaki na nani?

Na pasiwepo wa kudhani kwamba tukifanyacho kila siku hakihitaji kupimwa kwa sababu kimezoeleka. Mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko, mikono baridi, mapigo dhaifu: mwongozo uliotumika sehemu nyingi ulisema mpe maji mengi ya mshipa haraka. Jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, liliwagawa watoto 3,141. Waliopewa maji ya haraka walifariki kwa kiwango cha asilimia 10.5 hadi 10.6 ndani ya saa 48. Wasiopewa, asilimia 7.3. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kufikisha idadi iliyokusudiwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Kila daktari aliyeyaendesha maji yale kabla ya hapo aliamini anaokoa.

Kabla na baada: rahisi, na ya kutiliwa shaka

Hii ndiyo njia inayopendwa kuliko zote, kwa kuwa haihitaji kumnyima mtu kitu. Unahesabu waliorudi mwaka uliopita, unaanzisha utaratibu, unahesabu tena. Namba ikishuka unapiga picha ya pamoja.

Tatizo ni kwamba namba hushuka zenyewe. Muuguzi mkuu mpya ameingia, msimu wa mvua umepita, kumbukumbu zimeanza kuandikwa kwa namna nyingine. Tena mawazo mapya huletwa hasa mambo yakiwa yamefika pabaya, na yaliyofika pabaya mara nyingi hurudi katikati bila msaada wa mtu yeyote.

Mfano ninaoupenda unatoka Uingereza. Baada ya wodi za wagonjwa mahututi za jimbo la Michigan, Marekani, kupunguza sana maambukizi ya damu yanayotokana na mirija ya kwenye mishipa mikubwa, Waingereza walianzisha mpango wao wa kuwafikia. Kwenye wodi za watu wazima maambukizi yalishuka kutoka 3.7 hadi 1.48 kwa kila siku 1,000 za mirija. Ushindi, sivyo? Ila mpango uliingizwa kwa awamu, na wodi zilizokuwa bado hazijaanza nazo zilikuwa zinashuka. Kitu kingine, kikubwa kuliko mpango, kilikuwa kinaendelea kila mahali. Mtu mwenye namba za kabla na baada peke yake asingekijua kamwe.

Ninaitumia njia hii kwa kazi moja tu: kujua ukubwa wa tatizo kabla sijapanga jaribio lenyewe.

Kumgawa mgonjwa: kali kuliko zote, mpaka inapovuja

Hapa kila mgonjwa anapigiwa kura yake. Kompyuta inasema huyu upande wa kwanza, huyu wa pili. Uzuri wake hauna mpinzani: makundi mawili yanalingana kwa umri, kwa ukali wa ugonjwa, hata kwa mambo ambayo hakuna aliyefikiria kuyapima. Na kwa idadi ya watu inayohitajika, ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote.

Wengi huiogopa wakidhani lazima iwe na fomu za kurasa arobaini na chumba chake cha utafiti. Si lazima. Jaribio la RECOVERY lilianza Uingereza Machi 2020, katikati ya wimbi la kwanza la Uviko, ndani ya hospitali za kawaida zilizoelemewa. Fomu ya kumwingiza mgonjwa ilikuwa fupi, na fomu ya ufuatiliaji ilijazwa mara moja, mgonjwa akiruhusiwa, akifariki au akitimiza siku 28. Juni 16 mwaka huohuo walitangaza jibu la deksamethasoni, dawa ya zamani, ya bei ndogo, iliyokuwa tayari kwenye kila kabati. Waliogawiwa dawa hiyo walikuwa 2,104, na 4,321 walipata huduma ya kawaida. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilikuwa asilimia 29.3 dhidi ya 41.4. Kwa wasiohitaji hata oksijeni, dawa haikuonyesha faida, na namba zilielekea upande mbaya. Undani wa namna hiyo, kwamba inamfaa huyu na haimfai yule, unaupata ukiwa umegawa watu mmoja mmoja na kwa maelfu.

Sasa uvujaji. Niliwahi kuwa kwenye utafiti mdogo wa mipira ya mkojo. Mpira ukikaa muda mrefu bila sababu huleta maambukizi, basi tulibandika kadi ya njano kwenye mafaili ya nusu ya wagonjwa, iliyochaguliwa kwa bahati nasibu: "Je, leo bado anauhitaji?" Wiki ya kwanza kadi zilifanya kazi. Wiki ya pili, asubuhi ya raundi, daktari alisimama kwenye kitanda ambacho faili lake halikuwa na kadi yoyote, akainua shuka, akamgeukia muuguzi: "Na huyu mpira wake wa nini bado?" Nilikuwa nyuma nimeshika daftari, na nikajua palepale kwamba utafiti umekwisha. Kadi ilikuwa imeshahamia kichwani mwake. Mwisho wa miezi mitatu mipira ilikuwa imepungua wodi nzima, kwa wenye kadi na wasio na kadi, na jedwali letu likaandika "hakuna tofauti". Lilisema kweli kuhusu kadi, na halikusema lolote kuhusu swali tuliloanza nalo.

Kuna uvujaji wa aina nyingine, wa wagonjwa wenyewe. Jaribio la ADAPTABLE la Marekani, lililochapishwa 2021, liliwagawa watu 15,076 wenye ugonjwa wa moyo kati ya aspirini ya miligramu 81 na ya 325 kwa siku. Kila mmoja alijua kipimo chake na alijinunulia mwenyewe, kama maisha yalivyo. Tofauti ya maana haikuonekana. Lakini asilimia 41.6 ya waliopangiwa 325 walihamia 81, huku waliokwenda upande wa pili wakiwa asilimia 7.1 tu. Je, vipimo ni sawa, au makundi yalichanganyika mno? Wapo wanaolaumu jaribio. Mimi naona limeeleza jambo la kweli kabisa kuhusu kipimo kikubwa: watu hawakai nacho. Anayetaka kujua aspirini inafanya nini ndani ya damu aende kwenye jaribio la aina nyingine.

Kugawa kituo kizima: njia ya mafunzo, mazoea na vifaa vya pamoja

Muuguzi hawezi kusahau alichofundishwa kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha nne yuko upande wa pili wa utafiti. Ndiyo maana mafunzo, orodha za ukaguzi na mpangilio wa kazi hupimwa kwa kugawa wodi, zahanati au hospitali nzima.

Hakuna jaribio linaloonyesha njia hii vizuri kama E-MOTIVE, lililochapishwa 2023: hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, akina mama 210,132. Mama akishajifungua, damu huwa inakadiriwa kwa macho, na macho hudanganya, hasa usiku na hasa shuka likiwa limeshalowa. Hospitali za upande mmoja zilitumia shuka la plastiki linalowekwa chini ya mama, lenye mfuko unaoning'inia ukingoni mwa kitanda na mistari ya vipimo iliyochapwa juu yake. Damu ikifika mstari wa mililita 500, mkunga hasubiri tena ishara nyingine. Anafanya yote kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, dawa za kuubana, asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu), maji ya mshipa, kuchunguza chanzo na kuita msaada. Hospitali za upande wa pili nazo zilipewa shuka la plastiki, ila lisilo na mistari, ili damu ipimwe kote kwa namna moja.

Rudi kwenye hilo shuka lisilo na mistari, maana ndipo ufundi ulipo. Kama upande wa kulinganisha ungeachwa ukadirie kwa macho, damu nyingi isingeandikwa, na wazo jipya lingeonekana baya kwa sababu tu linaona vizuri zaidi. Matokeo: kuvuja damu kupindukia, upasuaji kwa ajili ya damu au kifo kilichotokana na damu vilikuwa asilimia 1.6 dhidi ya 4.3. Kugundulika kwa tatizo kulipanda kutoka asilimia 51.1 hadi 93.1.

Jaribio la ChEETAh la 2022 ni jepesi zaidi kuelezea: kabla ya kufunga tumbo, daktari abadili glavu na atumie vifaa vingine visafi. Basi. Hospitali 81 katika nchi saba, wagonjwa 13,301, na maambukizi ya kidonda yakashuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Jaribu kugawa hilo kwa mgonjwa mmoja mmoja ndani ya chumba kimoja cha upasuaji, uone kama madaktari hawatabadili glavu kwa wote au kwa hakuna.

Bei ya njia hii hulipwa kwa idadi. Wagonjwa wa kituo kimoja wanafanana: wanatibiwa na watu walewale, kwa mazoea yaleyale. Kwa hiyo mgonjwa wa hamsini wa kituo hicho hakuongezei habari kama angekuwa mgonjwa wa kwanza wa kituo kingine. Hesabu yake ni fupi: chukua idadi ya wagonjwa kwa kituo, toa moja, zidisha kwa kiwango cha kufanana, ongeza moja. Tuseme kwa kugawa mmoja mmoja ungehitaji wagonjwa 1,000, na kufanana ni 0.02, kiasi kinachoonekana kidogo. Ukichukua wagonjwa 50 kwa kituo, unazidisha kwa 1.98, unahitaji 1,980, yaani vituo 40 hivi. Ukiamua kupunguza vituo na kuchukua wagonjwa 200 kila kimoja, kizidishi kinakuwa 4.98, unahitaji 4,980, na bado vituo 25. Umewasumbua wagonjwa 3,000 zaidi ili kuokoa vituo kumi na tano. Hapa ndipo wengi hukwama: wana hospitali nne kubwa zenye wagonjwa maelfu, wakadhani wana utafiti mkubwa, kumbe wana vitu vinne.

Mtego wa pili hauonekani kwenye hesabu. Kituo kikishajua kiko upande gani, anayewaandikisha wagonjwa naye anajua. Aliye upande mpya, mwenye hamasa, anaandikisha hata wenye dalili ndogo. Wa upande wa zamani anaandikisha wale wazito tu. Makundi hayalingani tena, na bahati nasibu haikusaidii. Dawa yake ni kumhesabu kila anayepita mlangoni kwa kutumia rejista za kawaida, bila mtu kuchagua.

Halafu kuna ridhaa. Tamko la Ottawa la 2012, linalohusu maadili ya majaribio ya namna hii, linasema mkuu wa kituo anaweza kuruhusu jaribio lifanyike kwake, lakini ruhusa yake si ridhaa ya wagonjwa. Kamati ya maadili inaweza kuondoa sharti la ridhaa ya kila mtu pale ambapo hatari ni ndogo mno na jaribio lisingewezekana vinginevyo. Wahudumu nao ni washiriki, jambo ambalo watafiti husahau: ni wao wanaobadilishiwa kazi.

Usidhani pia kwamba ukubwa unahakikisha ushindi. Jaribio la BetterBirth, jimbo la Uttar Pradesh nchini India, lilipima orodha ya ukaguzi wa uzazi salama pamoja na wakufunzi wa kuwatembelea wakunga katika vituo 120. Wakunga walibadilika kweli: miezi miwili baada ya kuanza, walitimiza asilimia 72.8 ya mambo yaliyotakiwa, wenzao 41.7. Lakini vifo vya watoto wachanga, vifo vya mama na matatizo makubwa ya mama, vikihesabiwa pamoja, vilikuwa asilimia 15.1 dhidi ya 15.3. Wangepima mwenendo peke yake, wangetangaza mafanikio. Ukichagua kipimo chako kikuu, chagua kile ambacho mgonjwa angekijali.

Kupokezana: mwezi huu hivi, mwezi ujao vile

Kama vituo vyako ni vichache lakini kitu unachopima kinaweza kuwashwa na kuzimwa, njia hii itakuokoa. Kila wodi inatumia utaratibu wa kwanza kwa kipindi, kisha wa pili, kisha inarudi. Wodi inalinganishwa na yenyewe, hivyo ule ufanano wa ndani unaotula kwenye njia iliyopita hupungua makali.

Jaribio la SMART la 2018 lilifanyika kwenye wodi tano tu za wagonjwa mahututi za hospitali moja ya Marekani. Swali lilikuwa la kila siku: chupa ya mshipa iwe ya chumvi ya kawaida, au ya maji yenye madini yanayokaribia yale ya damu? Wodi zilibadilishana mwezi hadi mwezi. Kwa watu wazima 15,802, kifo, kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine au figo kubaki zimeharibika vilikuwa asilimia 15.4 kwa chumvi na 14.3 kwa maji mengine. Tofauti ni ndogo, ila maji hayo hupewa mamilioni ya watu.

Sharti ni moja na halina huruma: kitu kiweze kuzimika. Chupa inazimika, unabadili akiba ya kabati tarehe moja asubuhi. Sabuni inazimika. Mafunzo hayazimiki. Na hata kwa chupa, yupo mgonjwa aliyelazwa tarehe 29 anayekutwa na mabadiliko kitandani, kwa hiyo amua mapema atahesabiwaje.

Ngazi kwa ngazi: inapendwa kuliko inavyostahili

Vituo vyote vinaanza na utaratibu wa zamani. Kila baada ya muda fulani, kundi moja lililochaguliwa kwa bahati nasibu linavuka kwenda utaratibu mpya, mpaka wote wavuke. Mwanzo wake maarufu ni Gambia mwaka 1986, chanjo ya homa ya ini aina ya B ilipoingizwa kidogo kidogo nchini kote kwa takriban miaka minne. Chanjo haikuwezekana kuanza kila mahali kwa siku moja, basi kwa nini bahati nasibu isipange foleni? Hiyo ndiyo sababu halali ya kutumia ngazi: jambo limeshaamuliwa kuingia kila mahali, na foleni haiepukiki.

Sababu ninayoisikia zaidi ni nyingine: "Wakuu wa vituo hawatakubali kukosa." Inavutia kwenye kikao na inagharimu baadaye. Utaratibu wa zamani umekaa mwanzoni mwa muda, mpya umekaa mwishoni, na kila kinachobadilika na wakati kinaingia katikati yao. Takwimu zinaweza kulirekebisha hilo, kama hukukosea umbo la mabadiliko hayo. Kituo kimoja kikichelewa kuanza, au kikijifunza kwa jirani na kuwahi, foleni nzima inayumba. Na wazo linalohitaji miezi sita kukomaa halipati miezi hiyo katika makundi ya mwisho.

Jaribio la EPOCH la Uingereza liligawa hospitali 93 katika makundi 15, likidumu wiki 85, ili kuboresha huduma ya wanaopasuliwa tumbo kwa dharura. Wagonjwa 15,873. Vifo ndani ya siku 90: asilimia 16 kabla ya kuvuka, asilimia 16 baada ya kuvuka. Timu zilikuwa na njia ya huduma yenye vipengele 37 vya kuingiza katika muda mfupi, na wahudumu hawakuongezewa muda wa kuifanya kazi hiyo. Silaumu ngazi peke yake kwa matokeo hayo. Ninachosema ni kwamba, ukiwa na vipengele 37, kupewa tarehe ya kuvuka hakukufanyi uwe umevuka.

Data itoke wapi

Hili nalipitia haraka, ingawa ndilo linaloamua bajeti. Kama kuna sajili inayoaminika, itumie. Jaribio la TASTE la 2013 liliwagawa watu 7,244 wenye shambulio la moyo ndani ya sajili iliyokuwa tayari ikiwaandika Sweden na Iceland, pamoja na hospitali moja Denmark. Swali lilikuwa kama kunyonya damu iliyoganda kabla ya kuzibua mshipa kunaokoa. Vifo ndani ya siku 30: asilimia 2.8 na 3.0, hakuna tofauti ya maana. Denmark nayo, katika NUDGE-FLU, ilituma barua za kielektroniki za aina mbalimbali kwa wazee, ikigawa kaya kwa bahati nasibu na kusoma kwenye sajili nani kachanjwa mafua. Watu 964,870. Barua iliyotaja faida kwa moyo iliongeza waliochanjwa kutoka asilimia 80.12 hadi 81.00. Hakuna mtafiti aliyebisha hodi kwa mtu.

Pasipo sajili, pima vitu vichache. Kifo na tarehe ya kulazwa tena huandikwa hata na karani aliyechoka. Maumivu kwa alama za moja hadi kumi, yakiandikwa na muuguzi anayejua kituo chake kiko upande gani, hayafai hata karatasi yake.

Mimi ningechagua hivi

Dawa mbili zinazotumika zote, hakuna anayejua ipi bora: mgawe mgonjwa, fomu fupi, matokeo machache. Ujumbe wa simu wa kukumbusha kliniki: mgonjwa tena, au kaya, kwa kuwa simu huazimana. Aina mbili za maji, sabuni au bandeji: kupokezana. Glavu za upasuaji, orodha ya ukaguzi, namna ya kukabidhiana zamu: gawa kituo, nusu kwa nusu, kwa wakati mmoja. Mpango ulioshaamriwa nchi nzima na magari ni mawili: ngazi.

Na yule mkuu wa wodi? Mazungumzo ya dakika kumi ni ustadi, unakaa kwa muuguzi. Kumgawa mgonjwa kutavuja kama kadi yangu ya njano. Kupokezana hakuwezekani, muuguzi hawezi kuambiwa aache kueleza mwezi ujao. Anabaki na kugawa wodi. Hospitali yake ina wodi sita, ila tatu kati ya hizo zinabadilishana wauguzi wa usiku, kwa hiyo hizo ni moja. Ana vitu vinne mkononi, na vinne havitoshi. Anaweza kuendelea na hospitali yake peke yake akihesabu waliorudi mwezi kwa mwezi, miezi kumi na miwili kabla na kumi na miwili baada, bila kuita hilo jaribio. Au, kabla hajachapisha kadi hata moja, awapigie simu wakuu wenzake wa hospitali nyingine thelathini hivi, na swali la kwanza liwe: wauguzi wenu wanalala zamu wodi ngapi?